Tawi la Mbali na Habari Zake: Historia ya Istilahi Moja katika Git

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya istilahi moja tu, nayo ni ile ambayo waandishi wa programu za kompyuta wanaotumia Git huiita kwa Kiingereza "remote-tracking branch". Huenda msomaji akauliza jambo kama hili lina nafasi gani katika jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba istilahi hii ni mfano adimu wa jina lililosema karibu kinyume cha kitu chenyewe, na likaendelea kusema hivyo kwa miaka mingi huku wenye kitu hicho wakihangaika kulirekebisha. Tawi linaloitwa la mbali haliko mbali hata kidogo. Limo ndani ya kompyuta ya mtu mwenyewe. Isitoshe, kuikosea maana hapa si suala la kalamu na karatasi peke yake. Kumewahi kuondoa machoni pa watu, kwa dakika chache, kazi walizozifanya kwa majuma mengi.

Kabla hatujaendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno machache. Hazina ni mahali kazi inapowekwa pamoja na historia yake yote. Toleo ni hali ya kazi nzima kama ilivyokuwa wakati mmoja, ikatiwa katika hazina pamoja na jina la mwandishi, tarehe na maelezo ya sababu. Na kila toleo hujua toleo lililolitangulia. Tawi, katika Git, si chombo kikubwa kama jina linavyodokeza. Ni jina tu linaloonyesha toleo la mwisho katika mfululizo fulani, na toleo jipya likiongezwa, jina hilo husogea mbele. Skripti, nayo, ni orodha ya amri iliyoandikwa mapema, ambayo kompyuta huitekeleza bila mtu kuisimamia. Juu ya hili la mwisho tuongeze neno: mtu anayesoma habari ya zamani aweza kutanabahi kwamba ni ya zamani, skripti haitanabahi.

Wakati ambapo umbali haukuwapo

Programu za kuhifadhi matoleo zilianza bila tatizo tunalolizungumzia. Marc Rochkind alipoiandika SCCS katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1972, na Walter Tichy alipoitoa RCS katika Chuo Kikuu cha Purdue mnamo 1982, watumiaji walikaa mbele ya mashine moja. Historia ya faili ilikuwa katika faili nyingine iliyokuwa kando yake. Aliyetaka kuandika alilifunga faili, wenzake wakangoja. Utaratibu huo ulikuwa mzito, lakini ulikuwa na fadhila moja: swali "tawi limefika wapi sasa?" lilikuwa na jibu moja, na kila mtu aliliona jibu hilo kwa wakati uleule.

Hatua iliyofuata ilitoka Amsterdam. Dick Grune, mwalimu wa Chuo Kikuu Huria cha huko, alikuwa akiandika programu ya kutafsiri lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili ambao saa zao za kazi hazikulingana na zake. Alichokifanya ni kuandika skripti kadhaa juu ya RCS ili kila mmoja awe na nakala yake ya kufanyia kazi, na hitilafu zipatanishwe baadaye. Skripti hizo alizitoa hadharani mwaka 1986, na Brian Berliner akaiandika upya programu hiyo kwa lugha ya C kuanzia 1989. Hiyo ndiyo CVS. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha jambo litakalojirudia katika historia hii, yaani kwamba zana za namna hii mara nyingi huzaliwa zikiwa skripti, na tabia za skripti hubaki ndani yake hata baada ya skripti zenyewe kuondolewa. Hata hivyo, CVS, na baada yake Subversion ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, zilibaki na hazina moja ya katikati. Ukitaka kujua hali ya tawi, uliiuliza hazina hiyo. Mtandao ukikatika, hukujua lolote, wala programu haikujifanya kwamba unajua.

Git ilizaliwa katika ugomvi. Tangu Februari 2002 waandishi wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni ya Larry McVoy, ambayo ilimpa kila mwandishi hazina kamili ya kwake. Aprili 2005 kampuni hiyo iliondoa ruhusa ya kuitumia bure, baada ya Andrew Tridgell kuchunguza namna inavyozungumza na hazina nyingine. Linus Torvalds akaanza kuiandika Git siku za mwanzo za mwezi huo, na mnamo tarehe 7 Aprili Git ilikuwa tayari ikihifadhi historia yake yenyewe. Julai mwaka huohuo aliukabidhi usimamizi wake kwa Junio Hamano.

Katika mpango huu mpya hakuna hazina ya katikati isipokuwa ile ambayo watu wamekubaliana kuiona hivyo. Kila mtu ana historia nzima. Lakini hapo ndipo neno "sasa" linapopoteza maana yake. Mimi niliye Nairobi na mwenzangu aliye Helsinki tunaweza kuongeza matoleo kwa saa ileile bila mmoja kujua habari za mwingine, na hakuna kitabu kikuu cha kutuamua. Ninachoweza kuwa nacho kuhusu hazina yake ni kumbukumbu ya hali niliyoiona mara ya mwisho nilipoiuliza.

Wasomaji wetu hawahitaji kompyuta ili walielewe hili. Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann miswada ya tenzi za pwani. Mswada uliosafiri hadi Ulaya hauwezi kutuambia utenzi ule ulikuwa ukisomwaje Lamu mwaka uliofuata. Unatuambia jinsi mwandishi alivyounakili siku aliyounakili. Hakuna mhakiki wa maandishi anayejua kazi yake atakayesema kwamba mswada wa London ndio utenzi wa Lamu. Atasema ni ushahidi juu yake, wenye tarehe. Git ilihitaji miaka kadhaa kuifikia tofauti hiyo ambayo wahakiki wameizoea tangu zamani.

Tawi lililokatazwa kuguswa

Katika miezi ya kwanza amri nyingi za Git zilikuwa skripti waziwazi, hata kwa majina. Mtu aliandika "git-pull-script" au "git-clone-script", na mkia huo wa jina haukuondolewa mpaka Septemba 2005. Skripti hizo zilipoileta historia kutoka hazina ya mbali zilikabiliwa na swali dogo: habari hii tuiweke wapi? Jibu la kwanza lilikuwa jepesi mno. Iliwekwa pamoja na matawi ya mtu mwenyewe. Tawi kuu la mbali, lililoitwa "master", lilipewa nyumbani jina la "origin", likakaa bega kwa bega na "master" ya mwenye nyumba. Matawi mengine ya mbali yaliingia kwa majina yaleyale waliyokuwa nayo huko yalikotoka.

Basi katika orodha moja kulikuwa na vitu vya jinsi mbili: matawi ambayo mtu ameyafanyia kazi, na matawi ambayo ni taarifa tu juu ya kazi za wengine. Hakuna alama iliyowatenga. Mafunzo ya siku hizo yaliwaonya watumiaji wasiongeze matoleo yao juu ya tawi lolote linalopokea habari za mbali, kwa kuwa mara ijayo habari zitakapoletwa, tawi hilo halitaweza tena kusogea mbele kwa unyofu: litakuwa limechanganya neno la mtu na neno la mwenzake. Lakini onyo katika kitabu ni kinga dhaifu. Chombo kilichomruhusu mtu kufanya jambo kisha kikamlaumu kwa kulifanya ni chombo kilichoandikwa nusu.

Marekebisho yalianza mwaka 2006, kwanza kama hiari ya mtumiaji anaponakili hazina, na kufikia Git 1.5.0, iliyotoka Februari 2007, yakawa ndiyo kawaida. Matawi ya mtu yalibaki katika "refs/heads". Habari za mbali zilipewa chumba chao, "refs/remotes", na ndani yake kila hazina ya mbali ikapata kona yenye jina lake. Katika toleo hilohilo la 1.5.0, mtu akijaribu kusimama juu ya "origin/master" ili afanye kazi, Git humsimamisha juu ya toleo lile bila kumpa tawi, na chochote atakachokiongeza hakiligusi jina la habari. Kile kilichokuwa onyo kitabuni kikawa tabia ya chombo.

Uhusiano wa vyumba hivi viwili huandikwa katika faili la mipangilio kwa mstari mmoja, ambao kila mwenye hazina aweza kuufungua na kuusoma:

+refs/heads/*:refs/remotes/origin/*

Tunaomba subira ya msomaji tuuchambue mstari huu kama tungechambua sentensi, maana umebeba nadharia nzima. Upande wa kushoto wa nukta mbili ni mahali kitu kilipo huko mbali: ni tawi halisi la mwenzetu. Upande wa kulia ni mahali habari zake zitakapowekwa hapa kwetu. Nyota husema kwamba jina lolote litakaloonekana kushoto litarudiwa kulia. Kilichobaki ni alama ya kujumlisha mwanzoni, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Maana yake ni kwamba habari mpya iandikwe hata kama haitokani na ile ya zamani. Yaani, hata kama mwenzetu amerudi nyuma akafuta alichokuwa amekisema. Katika tawi la kazi ruhusa kama hiyo ingekuwa hatari, kwa sababu ingezika matoleo ya mtu. Katika tawi la habari ndiyo uaminifu wenyewe. Mjumbe hana haki ya kukataa kuleta salamu za leo ati kwa kuwa hazipatani na za jana.

Kistari na kihusishi

Jina, hata hivyo, lilibaki nyuma ya kitu. Kwa miaka kadhaa maelezo ya Git yalitumia ovyo maneno mawili ya Kiingereza, "tracking branch" na "remote tracking branch", na kila moja lilikuwa na utata. Neno la kwanza lilitumika wakati mwingine kwa jina la habari, na wakati mwingine kwa tawi la kazi lililopangiwa kulifuata jina hilo. Neno la pili laweza kusomwa kwa njia mbili: tawi la mbali lenye kufuatilia kitu fulani, au tawi lenye kufuatilia yaliyo mbali. Mwishoni mwa mwaka 2010 Matthieu Moy alipendekeza mabadiliko ambayo kwa macho ya mtu wa kawaida ni upuuzi, yaani kutia kistari kati ya neno la kwanza na la pili popote istilahi hiyo ilipotokea katika maelezo na katika maneno ambayo programu humwambia mtumiaji. Kistari huyafunga maneno mawili yawe sifa moja: si tawi la mbali, bali tawi lenye kufuatilia-mbali. Hii ni kazi ya sarufi iliyofanywa na waandishi wa programu, na sisi tunaofundisha sarufi hatuna budi kuiheshimu.

Kiswahili hakiwezi kuokolewa na kistari, kwa sababu tatizo letu liko mahali pengine, katika kile kihusishi -a. "Picha ya Juma" yaweza kuwa picha anayoimiliki Juma, aliyoipiga Juma, au inayomwonyesha Juma. "Barua ya Lamu" huenda imetoka Lamu, inakwenda Lamu, au inaieleza Lamu. Tukisema "tawi la mbali" tumeacha mlango wazi kwa maana zote, na ile isiyo sahihi ndiyo inayotangulia akilini. "Tawi lifuatalo" halifai kabisa, maana kila msomaji atadhani ni tawi linalokuja baada ya hili. "Tawi la kufuatilia" ni afadhali kidogo, lakini halisemi kama ndilo linalofuatilia au ndilo la kufuatiliwa. Sisi katika makala haya tumekuwa tukisema, na tutaendelea kusema, tawi la habari. Tumelichagua neno habari kwa kuwa Mswahili hawezi kulitumia bila wakati kujipenyeza. Twauliza habari za asubuhi, habari za tangu jana, habari za siku nyingi. Habari isiyo na siku hatuizoei, na siku ndiyo hasa jambo ambalo jina "origin/master" linalificha.

Skripti zilizochungulia dirishani

Sasa tuje kwa skripti, ambazo ndizo hulipa gharama ya utata huu. Kosa la kwanza na la zamani zaidi ni la mahali. Kwa kuwa jina la habari hapo mwanzo lilikuwa faili dogo lenye nambari ya toleo ndani yake, waandishi wengi wa skripti hawakuona haja ya kuiuliza Git. Walilifungua faili wakasoma. Tangu mwaka 2006 majina hayo yaweza kukusanywa pamoja katika faili moja liitwalo "packed-refs", na skripti iliyokuwa ikitafuta faili dogo ikakuta patupu, ikaamua kwamba tawi halipo. Mnamo Aprili 2024 Git 2.45 ilileta namna nyingine ya kuhifadhi majina, iitwayo reftable, ambamo hakuna faili dogo wala lile kubwa la zamani. Njia ya kuuliza, yaani amri ya "git rev-parse" kwa jina moja na "git for-each-ref" kwa majina mengi, ilikuwapo tangu mwaka uleule wa 2006, na imevuka mabadiliko yote hayo bila kuyumba.

Kosa la pili ni la kusoma maneno yaliyokusudiwa macho ya mtu kana kwamba yalikusudiwa mashine. Amri ya "git branch -r" huorodhesha matawi ya habari kwa ajili ya binadamu, na katika orodha hiyo mara nyingi kuna mstari unaosema kwamba "origin/HEAD" huelekea "origin/master". Binadamu huelewa kwamba hilo ni jina linaloelekeza kwa jina jingine. Skripti iliyoambiwa ichukue kila mstari kuwa tawi hushika pia mshale ulio katikati, ikajaribu kuufanyia kazi. Dawa iliyoenea ni kuutupa kila mstari wenye neno HEAD, nayo hutupa vilevile tawi lolote la halali ambalo kwa bahati mbaya lina herufi hizo katika jina lake.

Jina hilo la "origin/HEAD" lina habari yake. Kazi yake ni kukumbuka ni tawi gani ambalo hazina ya mbali yenyewe huliona kuwa kuu. Wengi hawakulitumia, kwa kuwa walidhani jibu linajulikana siku zote: ni "master". Wakaliandika neno hilo kwa mkono katika maelfu ya skripti. Julai 2020 Git 2.28 ilimruhusu mtumiaji kuchagua jina la tawi la kwanza la hazina mpya, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo hazina mpya katika GitHub zikaanza kwa "main". Skripti zilizouliza ziliendelea na kazi. Zilizodhani zinajua zilisimama.

Kosa la tatu ni la wakati, na hapa tukae kidogo. Kwa miaka minane Git ilikuwa na tabia iliyowakera wengi: mtu akisema "git fetch origin", matawi yote ya habari yalisasishwa; lakini akisema "git fetch origin master", akitaka tawi moja tu, toleo lililetwa na "origin/master" ikabaki ilipokuwa. Skripti iliyoleta kwa namna ya pili, kisha ikalinganisha kazi yake na "origin/master", ililinganisha na habari ya jana huku habari ya leo imo mkononi mwake. Jambo la kuvutia ni kwamba hiyo haikuwa ajali. Ulikuwa uamuzi wa makusudi, ili mtu aweze kutabiri ni lini jina la habari litasogea. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa na busara ndani yake, kwa sababu mtu aliyehesabu tofauti kati ya jana na leo alihitaji jana isimtoroke. Lakini walio wengi waliona vingine, na mwezi wa Agosti 2013 Git 1.8.4 ikabadili mwenendo: kila toleo la tawi la mbali linapoletwa, jina lake la habari husogezwa papo hapo.

Kuna pia habari za wafu. Tawi likifutwa huko mbali, jina lake hapa kwetu halifutiki lenyewe. Hubaki likielekeza kwenye toleo la mwisho lililoonekana, mpaka mtu aombe usafi kwa "git fetch --prune". Si hatari kubwa, ila mara nyingine marehemu humzuia aliye hai. Kama palikuwa na tawi liitwalo "malipo", likafutwa, kisha mwenzetu akaunda "malipo/mpya", basi katika namna ya zamani ya kuhifadhi majina jina la kwanza linatakiwa kuwa faili na pia saraka kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana, na habari mpya hukataa kuingia. Aidha, skripti zinazofanya kazi katika mashine za majaribio hukuta upungufu wa namna nyingine: mashine hizo hunakili hazina kwa kina kifupi ili kuokoa muda, na tangu 2012 nakala ya jinsi hiyo huleta habari za tawi moja tu isipoamriwa vingine. Mwandishi aliyeijaribu skripti yake nyumbani, ambako matawi yote ya habari yapo, hushangaa kuona huko hayapo.

Kusukuma kwa nguvu

Makosa yote tuliyoyataja husimamisha kazi. Lililobaki huifuta. Git kwa kawaida hukataa kusukuma tawi kwenda hazina ya mbali ikiwa kufanya hivyo kutayaacha nje matoleo yaliyokwishafika huko. Lakini kuna nyakati mtu ana sababu njema ya kuiandika upya historia yake, na kwa ajili yake kuna hiari ya "--force", ambayo huiambia hazina ya mbali: tupilia mbali ulicho nacho, chukua changu. Anayeitoa amri hiyo huwa ameamini kwamba anakijua kilichoko huko.

Tarehe 10 Novemba 2013 mshiriki mmoja wa mradi wa Jenkins, programu inayotumika sana kujenga na kujaribu programu nyingine, alikuwa akijaribu chombo cha kunakilisha hazina. Kwa mpangilio uliokosewa, chombo hicho kikazisukuma kwa nguvu nakala zake za zamani katika hazina zaidi ya 150 za mradi huo zilizokuwa GitHub. Matawi yakarudi nyuma, kana kwamba kazi zilizofanywa baada ya nakala zile hazikuwahi kuwapo. Hakuna aliyekusudia ubaya, wala hakuna mtu aliyeketi akaandika amri mara mia na hamsini. Ni mashine iliyofanya hivyo, kwa utiifu. Kilichookoa kazi ni kwamba matoleo yenyewe hayakuwa yametoweka. Yalikuwa yamepokonywa majina tu, na kwa msaada wa kumbukumbu za GitHub majina yakarudishwa mahali pake.

Mwezi huohuo wa Novemba, kwa kazi iliyokuwa imeanza kabla ya ajali hiyo na isiyotokana nayo, Git 1.8.5 ilitoka ikiwa na hiari mpya, "--force-with-lease". Hii hulipa tawi la habari kazi ambayo halikuwahi kupewa. Kabla ya kulazimisha, hazina ya mbali hutakiwa ithibitishe kwamba tawi lake bado liko palepale ambapo habari yangu ya mwisho inasema lipo. Kama limesogea, amri hukataliwa. Kwa mara ya kwanza ule upungufu wa tawi la habari, yaani kuwa ni la jana, ukageuzwa kuwa ushahidi: nasukuma kwa sharti kwamba tangu jana hakuna aliyegusa.

Lakini sharti hili hutegemea jambo moja, kwamba habari niliyo nayo ni habari niliyoitazama. Programu nyingi za uhariri siku hizi huleta habari za mbali kimyakimya, kila baada ya dakika chache, ili kumwonyesha mwandishi kama amepitwa. Kila zinapofanya hivyo jina la habari husogea bila mwenyewe kujua. Mwenzangu anaongeza toleo, programu inalileta, "origin/main" inalielekea, nami, ambaye sijaliona, nasukuma kwa sharti, na sharti linatimia kwa sababu habari yangu ni ya sasa hivi. Kazi ya mwenzangu inaondoka kwa idhini ya chombo kilichowekwa kuilinda. Skripti iliyoandikwa kwa uangalifu huepuka mtego huu kwa kuiandika mahali pa pembeni nambari ya toleo la mbali pale inapoanza kazi, kisha kuitaja nambari hiyo waziwazi wakati wa kusukuma, badala ya kuiachia Git ilisome jina la habari dakika ya mwisho.

Kwa wale wasiofanya hivyo, Git 2.30 iliongeza mwezi wa Desemba 2020 hiari nyingine, "--force-if-includes". Hii haiulizi tu kama habari yangu inalingana na hali ya mbali. Hulifungua daftari ambamo Git huandika kila mahali tawi langu la kazi lilipowahi kusimama, ikatafuta kama toleo lile la mbali liliwahi kuwa sehemu ya kazi yangu kabla sijaiandika upya. Likipatikana, ni alama kwamba nilikuwa nalo mkononi nikaamua. Lisipopatikana, amri hukataliwa, hata kama habari ni ya dakika hii. Hiari hiyo haifanyi kazi mpaka iombwe, ama katika amri yenyewe ama katika faili la mipangilio. Na katika mashine za majaribio, ambazo huinakili hazina upya kila zinapoitwa, daftari hilo huanza kuandikwa dakika ileile ya kunakili, kwa hiyo halina la kushuhudia juu ya yaliyotokea kabla yake.